Rangi ya Batiki Kwenye Mfereji wa Kabichi



*Sisi ni kikundi cha wanawake kumi na wawili, tuko kijiji kimoja kati ya Soni na Lushoto mjini. Tunatengeneza batiki, tunauza kwa wageni wanaopanda mlimani na kwa maduka mawili ya Tanga. Maji ya rangi tulikuwa tunamwaga nyuma ya banda. Hatukujua yanakwenda mbali.*

*Mwezi uliopita mzee mmoja wa bondeni alipanda hadi kwetu na ndoo. Ndani mlikuwa na maji ya bluu. Akasema hayo ndiyo aliyoyakuta alfajiri kwenye mfereji anaomwagilia kabichi na karoti. Majani ya kabichi zake za kwanza, zile za karibu na mfereji, yameungua kingoni. Amekwenda kwa mtendaji wa kijiji, nasi tumepewa mwezi mmoja tuwe tumerekebisha au tufunge.*

*Mtoto wa dada yangu anasoma kemia chuoni. Anasema ipo njia ya kitaalamu: unachanganya maji machafu na mafuta ya taa pamoja na dawa fulani, rangi inahamia kwenye mafuta, maji yanabaki meupe. Sasa amejitokeza bwana mmoja anayesema anayo dawa hiyo na pipa lenye koki, na anataka shilingi milioni moja na laki nane. Hiyo ni karibu akiba yetu yote ya VICOBA. Nusu ya wanachama wanasema tununue kabla mwezi haujaisha, nusu wanaogopa.*

*Rangi zetu nyingi ni zile za unga zinazochanganywa na kostiki soda na haidrosalfaiti. Kwa nyekundu na njano za kung'aa tunatumia zile za chumvi na magadi. Je, njia hiyo ni ya kweli? Tununue?*

*Mwenyekiti wa kikundi, Lushoto*

Mama Mwenyekiti. Msinunue. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwezi mliopewa unayoyoma na fedha ya VICOBA ikishatoka hairudi. Sasa nikueleze kwa nini, maana mwanao hakukudanganya, na sipendi aonekane mwongo mbele ya kina mama.

Njia aliyoisema ipo. Kitaalamu ni kuvuta rangi kwa kiyeyushi. Unachukua vimiminika viwili visivyochanganyika, maji na mafuta, unavikoroga kwa nguvu ili vigusane kila mahali, kisha unaviacha vitengane. Kitu kinachopenda mafuta kuliko maji huhamia upande wa mafuta. Tatizo ni kwamba rangi nyingi za nguo zimetengenezwa zipende maji, la sivyo zisingeweza kuingia kwenye kitambaa. Zina chaji hasi zinazozishikilia majini. Ndiyo maana mafuta peke yake hayafui dafu, na ndipo ile "dawa" inapoingia. Mara nyingi ni chumvi ya jamii ya amonia yenye mikia mirefu ya kaboni na chaji chanya. Inajifunga kwenye molekuli ya rangi, chaji zinafutana, na kile kinachobaki kinaingia kwenye mafuta. Watafiti wa India na Malaysia wamefanya majaribio mengi ya namna hii, wengine wakitumia mafuta ya mawese badala ya mafuta ya taa, na kwenye chupa ya maabara maji hubaki karibu meupe. Huo ni ukweli.

Viwandani pia mbinu hii ni kongwe. Kule Chingola, Zambia, na ng'ambo ya mpaka Kolwezi, Kongo, shaba huvutwa kutoka kwenye maji ya tindikali kwa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yaliyotiwa kemikali inayoishika shaba. Chingola walianza tangu miaka ya 1970. Lakini angalia kinachofuata pale. Mafuta yakishabeba shaba hayamwagwi. Yanapelekwa kwenye tangi la pili, yanaoshwa kwa tindikali kali, shaba inatoka, mafuta yanarudi kazini tena na tena. Na shaba ile inauzwa, kwa hiyo inalipia matangi, pampu, mafuta yanayopotea na mishahara ya wanaosimamia usiku na mchana.

Rangi yenu iliyochoka hainunuliwi na mtu. Muulizeni bwana yule swali moja tu: mafuta yakishakuwa ya bluu, tunayapeleka wapi? Kama hana tangi la pili la kuyaosha, basi mtakuwa mmeitoa rangi kwenye maji mkaiweka kwenye mafuta ya taa, na kitu kibaya kimoja kimekuwa viwili. Na hata akiwa nalo, mwisho wa yote mnabaki na ndoo ya rangi kali ambayo nayo inahitaji pa kwenda. Kila njia ya kusafisha maji ya rangi lazima iulizwe swali hilo, na hii yake ndiyo inayolijibu vibaya kuliko zote kwa kikundi cha ukubwa wenu.

Kuna la pili, na hili linamhusu mzee wa bondeni moja kwa moja. Mafuta na maji hayatengani kikamilifu. Sehemu ya mafuta hubaki majini, mengine yameyeyuka, mengine ni matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji yenu yana mabaki ya nta na sabuni, na hivyo ndivyo vitu vinavyoyafanya mafuta yagome kutengana. Dawa ile nayo hubaki kiasi, na chumvi za jamii hiyo ni sumu kwa samaki na vijidudu vya majini. Sasa fikiria karoti za Lushoto zinavyooshwa kwenye mfereji kabla ya kufungwa kwenye viroba kwenda Dar es Salaam. Karoti yenye harufu ya mafuta ya taa mnunuzi anaijua akiwa hajashusha gari. Leo mna ugomvi na mzee mmoja. Mkimwaga maji ya namna hiyo mtakuwa na ugomvi na mfereji mzima, tena maji yanaweza kuwa meupe kabisa na msiwe na la kujitetea.

La tatu ni moto. Batiki inataka nta iyeyushwe jikoni, mkaa ukiwaka. Pipa la mafuta ya taa likikorogwa kwenye banda hilohilo, na watoto wanacheza mlangoni, mimi nisingelala.

Lakini sababu inayonifanya niseme hapana bila kusita iko kwenye aya ya mwisho ya barua yako, pale ulipotaja kostiki na haidrosalfaiti. Rangi za aina hiyo huitwa rangi za vati. Ile ya kwanza ya kutengenezwa viwandani iliyo kali kweli kwa jua na kufuliwa ilipatikana mwaka 1901 na René Bohn, mkemia wa kampuni ya BASF ya Ujerumani. Unga wake hauyeyuki majini. Haidrosalfaiti ikiondoa oksijeni kwenye beseni, na kostiki ikiwepo, unga ule hubadilika ukayeyuka, ukaingia kwenye uzi. Mkikitoa kitambaa na kukining'iniza, hewa inairudisha rangi katika hali yake ya kutoyeyuka, na ndipo inaponasa humo ndani daima. Nyinyi mnaliona jambo hili kila siku: kitambaa kinatoka kwenye beseni na rangi isiyo yake, halafu mbele ya macho yenu kinageuka kikiwa kwenye kamba.

Kinachotokea kwenye kamba kinaweza kutokea kwenye ndoo. Rangi iliyobaki kwenye beseni ikipata hewa ya kutosha inarudi kuwa unga usioyeyuka, na unga huo hutuama chini. Huhitaji mafuta ya taa kuitoa. Tena ikiwa katika hali ya unga mafuta hayaivuti, na ikiwa imeyeyuka kwenye kostiki mafuta peke yake hayaivuti vilevile. Na mkidhani mtatumia mafuta ya kupikia badala yake, kila anayejua kutengeneza sabuni anajua mafuta hayo yakikutana na kostiki yanakuwa nini.

Kwa hiyo maji ya bluu aliyoyaleta mzee kwenye ndoo yalikuwa unga wa rangi uliokwisha kuganda njiani. Mngeliyaacha yatulie bandani, sehemu kubwa ya bluu ile ingebaki kwenu.

Ila bluu haikuwa ndiyo iliyochoma kabichi. Majani kuungua kingoni ni dalili ya kostiki na chumvi zaidi kuliko ya rangi. Beseni la vati lina pH ya 12 hadi 13. Maji mazuri ya kumwagilia yanatakiwa kuwa kati ya 6.5 na 8.4 hivi, na viwango vya taifa vya maji yanayoruhusiwa kumwagwa kwenye mazingira vinasema 6.5 hadi 8.5, na rangi isizidi vipimo 300. Sodiamu ya kwenye kostiki hufanya jambo jingine la polepole: inauvunja udongo wa mfinyanzi, ukikauka unakuwa gamba gumu, maji hayapenyi. Udongo wa bonde la Usambara ndio mtaji wa mzee yule. Haidrosalfaiti nayo, ikifika mfereji ingali na nguvu, inakula oksijeni ya maji, na chochote kinachopumua humo kinakufa. Ndiyo maana mtu akiwauzia kitu cha kuondoa rangi tu, hata kikifanya kazi, amewatibu sura na kuacha ugonjwa.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kusafisha chochote, punguzeni. Beseni la rangi likishachoka halijafa. Ongezeni haidrosalfaiti kidogo na rangi kidogo, mtie vitambaa vya rangi nyepesi. Maji ya suuza ya kwanza, yale mazito, yawekwe kwenye diaba yatumike kuandaa beseni la kesho. Maji mnayochemshia kuondoa nta yaachwe yapoe usiku kucha. Nta itaganda juu kama sahani, muitoe muyeyushe upya. Msichanganye maji makali ya beseni na maji mepesi ya suuza ya mwisho. Wengi wanakosea hapo: wanamwaga yote shimo moja, halafu wanajikuta na lita mia tatu za kusafisha badala ya lita ishirini.

Beseni likishachoka kweli, limwageni kwenye ndoo pana, nje, chini ya paa lisilo na ukuta. Koroga kwa mti, mimina kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara kadhaa asubuhi na jioni, kwa siku mbili. Vaeni glavu na msiwe na watoto karibu. Mnachofanya ni kuipa hewa. Rangi inageuka unga, na haidrosalfaiti inachoka. Na hapa kuna zawadi ambayo watu wengi hawaijui: haidrosalfaiti inapochoka hewani inakula kostiki. Kila gramu 100 za haidrosalfaiti humaliza takribani gramu 46 za kostiki. Kwa hiyo kama beseni lenu lilikuwa na gramu 100 za kila kimoja, hewa ya bure imewafanyia karibu nusu ya kazi ya kupooza ukali.

Kilichobaki mtakimaliza kwa tindikali laini. Kwa gramu 54 za kostiki mtahitaji kama lita 1.6 za siki ya kawaida ya dukani, ile ya asilimia 5, au gramu 86 hivi za unga wa sitriki, ambao mara nyingi ni nafuu zaidi mkinunua kwa kilo. Msiharakishe kutia tindikali kabla zile siku mbili hazijapita. Haidrosalfaiti ambayo haijachoka ikikutana na tindikali hutoa moshi wa kiberiti unaobana kifua, na mwenye pumu anaweza kuanguka palepale. Tieni kidogo kidogo, mkikoroga, mkipima kwa karatasi za pH hadi zioneshe 7. Karatasi hizo ni za bei ndogo, na mwalimu wa kemia wa sekondari yoyote ya jirani anajua zinakopatikana.

Baada ya hapo ndipo inakuja shabu. Ni ileile ambayo bibi zetu walikuwa wanatakasia maji ya kunywa. Jaribuni kwanza kwenye chupa tatu za plastiki zinazoonyesha ndani, kila moja ikiwa na lita moja ya maji ya ndoo: ya kwanza robo kijiko cha chai, ya pili nusu, ya tatu kijiko kizima, shabu ikiwa imesagwa na kuyeyushwa. Tikiseni kwa nguvu dakika moja, kisha zungusheni polepole kwa dakika kumi. Wekeni dirishani. Mtaona mawingu madogo ya rangi yakikusanyika, yakishikana, yakizama, na juu yake ukanda wa maji unakuwa mweupe na kuongezeka. Chupa iliyotumia shabu kidogo zaidi ikatoa maji meupe ndiyo kipimo chenu. Msizidishe, maana shabu nyingi inayarudisha maji kwenye uchachu. Asubuhi vuteni maji ya juu kwa mpira, yapitisheni kwenye ndoo ya mchanga na mkaa uliopondwa, tope libaki chini.

Hapa lazima niseme neno juu ya miwati, kwa sababu najua mtu wa Lushoto atauliza. Miti hii imejaa milimani kwenu, na gome lake lina tanini. Kule Brazil hutengenezwa kutoka kwenye gome la miwati dawa ya kugandisha uchafu wa maji, inayouzwa dunia nzima na inayoshika rangi za nguo vizuri. Sisi wenyewe tuna kiwanda cha tanini cha miwati Njombe, TANWAT, tangu mwaka 1949. Inaniuma kwamba hatujaifikisha tanini yetu kwenye mabanda ya rangi ya kina mama. Lakini msichemshe magome mkayamwaga kwenye ndoo. Tanini ya Brazil imebadilishwa kwanza kikemia ipate chaji chanya. Ile ya gome bichi haina, itawaongezea ukahawia tu juu ya bluu. Mbegu za mlonge ndizo zenye protini ya chaji chanya kwa asili yake, na wanawake wa Sudan kando ya Nile wamezitumia kutakasa maji tangu zamani. Mlonge haupendi baridi yenu, ila huko chini Mombo unastawi. Mkipata mbegu, ondoeni maganda, sageni, jaribuni kwenye chupa kama mlivyofanya na shabu.

Nyekundu na njano za chumvi na magadi ni shauri jingine, na siwezi kuwapa matumaini makubwa. Hizo ni rangi za riaktivu, zilizoingia sokoni mwaka 1956 zikitoka kampuni ya ICI ya Uingereza. Zinajifunga kwenye uzi kikemia, lakini kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 40 ya rangi haishiki, na hiyo isiyoshika inabaki imeyeyuka majini. Hewa haiifanyi chochote, shabu inaichukua kidogo. Ni rangi za namna hii ambazo wale watafiti wa kuvuta kwa mafuta wanashughulika nazo, kwa hiyo mwanao alikuwa na rangi sahihi kichwani, ila si ile inayojaza mabeseni yenu. Na chumvi yake, makumi ya gramu kwa kila lita, hakuna mafuta wala shabu inayoiondoa. Ushauri wangu ni wa kibiashara: acheni hizo kwa msimu huu. Tafuteni nyekundu na njano za vati. Hazitang'aa vilevile, lakini mtakuwa na aina moja ya maji machafu na njia moja ya kuyatibu. Tena kwa kuwa mnawauzia wageni, jueni kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2002 nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa kemikali fulani za saratani. Rangi inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye mfuko usio na jina la kiwanda hamuwezi kumthibitishia mteja chochote juu yake.

Maji yaliyokwisha kutuama, kuchujwa na kufika pH 7 bado yasirudi kwenye mfereji. Bado yana chumvi. Yapitisheni kwenye kitanda cha magimbi. Mwaka 2005 mtafiti Stephen Mbuligwe, wa chuo cha Dar es Salaam ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, alichapisha matokeo ya kupitisha maji yenye rangi ya nguo kwenye vitanda vilivyopandwa magimbi na nyasi za kinamasi, na vitanda vyenye mimea vilipunguza rangi kwa kiasi kikubwa kuliko kile kilichoachwa bila mmea. Magimbi mnayo tele. Chimbeni mfereji wa urefu wa mita 3, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, tandikeni turubai zito la plastiki, jazeni kokoto, pandeni. Huo ni ujazo wa mita moja ya ujazo hivi. Kokoto inachukua zaidi ya nusu, na maji yanayobaki humo ni kama lita 400. Mkiingiza lita 100 kwa siku, maji yanakaa siku nne kabla ya kutoka upande wa pili. Yakitoka yaende kwenye mikaratusi au miwati, mbali na chemchemi na mbali na mboga. Magimbi hayo hayaliwi kamwe. Zungushieni uzio, na kila mtoto wa jirani aambiwe.

Tope la rangi mkilikausha chini ya paa juu ya magunia litakuwa kitu cha kujaza kopo. Msilichome, msilitie kwenye mboji. Na mkaa wa kuchujia ukichoka usirudi jikoni. Vyote viwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, iandikwe, na mumwone ofisa mazingira wa halmashauri kuhusu mahali pa kuvizika. Kopo moja kavu mnaweza kulilinda. Mfereji mzima hamuwezi.

Kuhusu sheria, muwe tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayemwaga maji machafu kwenye chanzo cha maji. Pimeni banda lenu liko wapi kabla mtu mwingine hajaja na futi kamba. Kama liko ndani ya mita 60, zungumzeni na serikali ya kijiji juu ya kiwanja kingine sasa hivi, mkiwa bado mnaonekana watu wa kushirikiana. Maji yenu yanapita Soni, yanashuka Mombo kwenye mpunga, yanaingia Mkomazi na Pangani. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inayafuatilia hadi baharini, na ni heri mkaijua ofisi yake kabla haijawajua.

Na yule mzee. Kuna jambo kwenye barua yako sikulipenda, Mama: hukusema mmekwenda kwake. Yeye alipanda mlima na ndoo mkononi, akaja kwenu kwanza kabla ya kwenda kwa mtendaji. Hiyo ni heshima. Teremkeni watatu, wewe na wawili walio watu wazima zaidi, mlione shamba lake kwa macho. Ombeni radhi bila kutaja kikundi kina shida gani za fedha. Kabichi zilizoharibika zihesabiwe naye akiwepo, mlipe kutoka VICOBA, mpewe maandishi mbele ya mtendaji. Itakuwa sehemu ndogo ya ile milioni moja na laki nane. Kisha mwambieni siku mnazotia rangi, naye awaambie zamu yake ya maji ni siku zipi, ili hata mkipatwa na bahati mbaya, ndoo ikapinduka, isimkute akiwa amefungua mfereji.

Mtoto wa dada yako mpeni kazi, kwa kuwa ana moyo wa kusaidia. Achukue maji sehemu tatu: mfereji juu ya banda lenu, maji yanayotoka kwenye kitanda cha magimbi, na mfereji pale kwa mzee. Atumie chupa safi zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale anayochukua, azijaze hadi mdomoni pasibaki hewa, aandike juu yake mahali, tarehe na saa, aziweke kwenye boksi lenye barafu, na zifike maabara ya maji siku hiyohiyo. Aombe kupimiwa pH, rangi, sodiamu, jumla ya chumvi zilizoyeyuka, na kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuoza uchafu uliomo. Nakala moja ya majibu ibaki kwa mtendaji, moja ipelekwe kwa mzee.